Stanley ni jina la ukoo au jina la mtoto? Naomba ushauri kabla sijarudisha fomu

MjukuuWaUjiji (Ujiji, Kigoma) ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Wiki tatu zilizopita mke wangu alijifungua salama mtoto wa kiume katika Hospitali ya Maweni. Kwa desturi ya nyumba yetu, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu yake mzaa baba. Marehemu baba yangu aliitwa Stanley. Alifanya kazi ya reli hapa Kigoma tangu ujana wake hadi alipostaafu, na cheti chake cha ubatizo tunacho mpaka leo, kimekunjwa mara nne ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na kitambulisho chake cha kazi na funguo mbili ambazo hakuna mtu nyumbani anayejua zilikuwa zikifungua nini.

Juzi nilikwenda na tangazo la kizazi kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Nikaandika Stanley, kisha jina langu, kisha Stanley tena, kwa kuwa ndilo jina la baba yangu na ndilo ninalolitumia mwishoni kwenye vyeti vyangu vyote. Karani aliisoma fomu, akaishusha miwani yake hadi kwenye ncha ya pua, akaniambia kwamba Stanley ni jina la ukoo la Wazungu, kwamba jina la ukoo haligeuzwi likawa jina la mtoto, na kwamba isitoshe nimeliandika mara mbili. Alinirudishia fomu akanishauri nikatafakari na mama wa mtoto.

Nilipofika nyumbani nikakuta mambo yamekuwa makubwa zaidi. Mjomba wangu, ambaye tangu mwanzo hakulipenda jina hili, alisema kwamba Stanley ni yule msafiri wa Kizungu aliyemkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, mtu aliyekuja na bunduki na viboko, na kwamba ni aibu kwa mtoto wa Ujiji kuitwa hivyo huku akikulia hatua chache kutoka kwenye ule mwembe wa makumbusho. Shangazi naye, ambaye ni mama wa kanisa kwelikweli, akaongeza lake: hakuna mtakatifu anayeitwa Stanley, hivyo marehemu baba alibatizwa kwa bahati tu, na tusitegemee bahati hiyo itokee mara ya pili.

Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, ni kweli kwamba Stanley ni jina la ukoo tu? Ikiwa ni kweli, liligeukaje kuwa jina la mtu hata likafika kwetu? Na je, kila Stanley ameitwa kwa ajili ya yule msafiri?


MwalimuMstaafu (Kasulu) amejibu:

Marahaba, ndugu yangu, na hongera sana. Mungu amkuze mtoto na ampe mama yake nguvu. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na moja, na ningependa kuanza na karani wako, kwa sababu alichokisema ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli husumbua kuliko uongo mzima.

Ni kweli kwamba Stanley lilikuwa jina la ukoo. Lakini kabla halijawa la ukoo lilikuwa jina la mahali. Katika Kiingereza cha kale, stan ni jiwe, na leah ni mahali palipofyekwa miti katikati ya msitu. Vijiji kadhaa vya Uingereza, huko Staffordshire, Derbyshire, Durham na kwingineko, viliitwa hivyo kwa sababu ya mawe yaliyokutwa pale miti ilipoondolewa. Mtu aliyetoka kijiji hicho aliitwa fulani wa Stanley, na baada ya vizazi kadhaa lile neno la kati likaanguka, jina likabaki kwa watoto na wajukuu hata kama hawakuwahi kukanyaga kijijini. Kwa hiyo ukitaka kulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili bila kuzunguka sana, utapata Maweni. Mtoto wako kazaliwa Maweni, nawe unauliza kama inafaa aitwe Stanley. Niliposoma swali lako nilicheka peke yangu hadi mjukuu wangu akaja kuniuliza kuna nini.

Ukoo wa Stanley uliotokana na kile kijiji cha Staffordshire ulipanda ngazi hadi ukawa miongoni mwa koo kubwa kabisa za Uingereza. Mwaka 1485, katika vita vya Bosworth, Thomas Stanley alisimama kando na askari wake akiangalia upepo unavumia wapi, ilhali ndugu yake William aliingia vitani upande wa Henry Tudor, ambaye alikuwa mtoto wa kambo wa Thomas mwenyewe. Henry alishinda akawa mfalme, na mwaka huohuo Thomas akapewa cheo cha Earl wa Derby, cheo ambacho ukoo huo unacho hadi leo. Mmoja wa wazao wake ndiye aliyezipa jina mbio za farasi za Derby zilizoanza Epsom mwaka 1780, na wengi huko huko ndiko wanakolirudisha neno debi tunalolitumia Simba na Yanga wanapokutana. Mjomba wako kama ni mtu wa mpira, basi amekuwa akiutaja ukoo wa Stanley kwa miaka mingi bila kujua.

Sasa, jina la ukoo liligeukaje? Waingereza wa tabaka la juu walianza desturi hii katika karne ya 16. Mwanamke alipoolewa, jina la ukoo wa kwao lilipotea, na kama ukoo huo ulikuwa na mali au heshima, ilionekana ni hasara. Basi wakawa wanamchukua mtoto wa kiume na kumpa jina la ukoo wa mama yake likawa jina lake la kwanza. Mfano unaojulikana ni Guildford Dudley, mume wa Lady Jane Grey, ambaye alikatwa kichwa mwaka 1554: baba yake alikuwa Dudley, mama yake alizaliwa Guildford, na mtoto akayabeba yote mawili. Mwandishi William Camden, katika kitabu chake cha mwaka 1605, aliitaja desturi hiyo kama jambo la Waingereza. Kwa maneno mengine, kile ambacho karani anasema hakifanyiki kilikuwa kikifanyika kabla hata Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Katika karne ya 19 desturi hiyo ilishuka kwa watu wa kawaida. Majina ya koo za mabwana wakubwa, kama Stanley, Howard, Percy, Sidney na Clifford, yalianza kupewa watoto ambao hawakuwa na undugu wowote na mabwana hao, kwa sababu tu yalisikika vizuri na yalikuwa na harufu ya heshima. Mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa iliyofuata, Stanley likawa jina la kila mtaa, Uingereza na Marekani.

Kuhusu swali lako la tatu, kila Stanley kuitwa kwa ajili ya msafiri, jibu ni hapana, na ushahidi ni wa tarehe tu. Stanley Baldwin, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara tatu, na ambaye serikali yake ilikuwa ikiitawala Tanganyika hii hii kwa udhamini, alizaliwa mwaka 1867, yaani miaka minne kabla ya mkutano wa Ujiji. Alipewa jina hilo kwa sababu bibi yake mzaa baba alitoka katika familia iliyoitwa Stanley. Na Stanley Matthews, winga aliyekuwa mtu wa kwanza kupewa Mpira wa Dhahabu mwaka 1956, alikuwa mtoto wa kinyozi aliyekuwa pia bondia, kutoka Hanley, katika jimbo lile lile la Staffordshire lenye kijiji cha Stanley. Kutoka kwa Earl hadi kwa mtoto wa kinyozi: huo ndio mwendo wote wa jina hili.

Tena umwambie karani atazame daftari lake mwenyewe. Wakina Jackson, Wilson, Johnson na Harrison wote ni majina ya ukoo, na ile son ya mwishoni ni bin tu. Jackson ni bin Jack. Mimi nilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Jackson ambaye baba yake aliitwa Ramadhani, na hakuna aliyewahi kumuuliza Jack ni nani. Nelson nalo ni hivyohivyo: wengi wetu tunamfikiria Mandela, ambaye jina hilo alipewa na mwalimu wake siku ya kwanza shuleni, nyumbani akiitwa Rolihlahla.


MamaWaKwihara (Tabora) amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimejifunza mengi, na kuhusu karani sina la kuongeza. Lakini naona umempita mjomba haraka mno, ukamwachia debi. Hoja ya mjomba ni nzito kuliko hoja ya karani.

Mimi ninaishi karibu na lile tembe la Kwihara walilokaa Stanley na Livingstone mwanzoni mwa mwaka 1872, baada ya kutoka Ujiji pamoja. Watoto wetu hupelekwa kulitazama. Wanaambiwa habari za salamu na kuvua kofia. Hawaambiwi sana kwamba miezi michache kabla ya hapo, Agosti 1871, Stanley huyohuyo alichukua bunduki zake na watu wake akaungana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mtemi Mirambo wa Urambo, wakashindwa vibaya, na ndiyo sababu akalazimika kuzunguka kusini ili afike kwenu Ujiji. Hawaambiwi kwamba aliwachapa wapagazi viboko na akayaandika hayo mwenyewe bila haya. Wala hawaambiwi habari za kisiwa cha Bumbire, katika Ziwa Victoria, ambako mwaka 1875 aliwafyatulia risasi watu wa kisiwa waliokuwa ufukweni, yeye akiwa majini na wao wakiwa na mikuki na mishale.

Na kwa kuwa tunazungumzia majina, kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanikera. Hapa hapa Tabora, mwaka 1871, Stanley alipewa mtoto mtumwa na mfanyabiashara wa Kiarabu. Mtoto huyo aliitwa Ndugu M'Hali. Stanley hakulipenda jina hilo, akaamua abadilishwe aitwe Kalulu, na mtoto akaitwa Kalulu tangu siku hiyo. Alimpeleka Uingereza na Marekani, akapiga naye picha akiwa amevaa mavazi ya safari, kisha akarudi naye, na mwaka 1877 mtoto huyo akafa maji katika maporomoko ya Mto Kongo. Maporomoko nayo yakapewa jina hilohilo la Kalulu. Yaani hata kaburi lake la maji halikuandikwa jina alilopewa na mama yake.

La ajabu ni kwamba mtu huyu aliyekuwa na mkono mwepesi wa kubadili majina ya wenzake, la kwake mwenyewe halikuwa la kwake. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, akaandikwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Alipofika New Orleans akiwa kijana alijichukulia jina la mfanyabiashara wa pamba wa mji huo. Hakuwa na tone la damu ya ule ukoo wa Derby. Na kule Kongo watu walimpa jina jingine tena, Bula Matari, mvunja mawe. Mwalimu ametuambia kwamba Stanley ni mahali pa mawe. Basi waliompa jina la pili, pasipo kujua Kiingereza cha kale hata neno moja, waliyarudia mawe yaleyale.

Simkatazi MjukuuWaUjiji. Jina la baba ni jina la baba. Lakini mjomba asichekwe, na siku mtoto atakapouliza, aelezwe yote, sio ya kofia peke yake.


MwanaparokiaGungu (Kigoma) amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Nitajibu upande wa shangazi tu, kwa kifupi.

Zamani sheria ya Kanisa Katoliki ilitaka mtoto apewe jina la mtakatifu, na mapadre wengi walilitatua suala la Stanley kwa kuliandika Stanislaus kwenye kitabu cha ubatizo. Wako watakatifu wawili mashuhuri wa jina hilo, wote wa Polandi: askofu wa Krakow, anayekumbukwa tarehe 11 Aprili, na kijana Mjesuiti Stanislaus Kostka. Kwa asili majina haya mawili hayana uhusiano hata kidogo, lakini yanafanana masikioni, na hata Wapolandi wengi waliohamia Marekani waliwaita watoto wao Stanley kwa kisingizio hichohicho. Mkitazama vizuri kile cheti cha baba, sitashangaa mkikuta mwandiko wa padre umesema Stanislaus.

Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inataka tu jina lisilokuwa kinyume na hisia za Kikristo. Zaidi ya hayo, habari njema kwa shangazi ni kwamba yupo Mwenye Heri Stanley. Padre Stanley Rother, Mmarekani wa Oklahoma, aliuawa mwaka 1981 katika nyumba ya parokia yake huko Guatemala baada ya kukataa kuwaacha waumini wake, na alitangazwa mwenye heri mwaka 2017. Bado hajawa mtakatifu rasmi, lakini kwa ubatizo wa Ujiji anatosha kabisa.


MchuuziWaKibirizi amejibu:

Mimi ninapita tu, ila nimeona Kongo imetajwa na huko ndiko nilikozaliwa.

Ng'ambo ya ziwa jina la Stanley liliandikwa juu ya kila kitu. Mji wa Kisangani ulikuwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Maporomoko ya Boyoma yalikuwa ya Stanley, na ule upana wa mto kati ya Kinshasa na Brazzaville, unaoitwa leo Pool Malebo, ulikuwa wa Stanley pia. Kisha Mobutu akaamua kwamba majina ya kigeni yaondoke, ya miji na ya watu, na kufikia mwaka 1972 hata majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Marehemu baba yangu alilala akiwa na jina la Kizungu akaamka na jina la babu yake. Alikuwa akisema kwamba polisi hakumsumbua kama alivyosumbuliwa na mkewe, ambaye kila alipomwita kwa jina la zamani mbele za watu ilibidi ageuze maneno katikati.

Ninachotaka kusema ni kwamba jina la mji na jina la mtu si kitu kimoja. Stanleyville liliwekwa na mwenye nguvu ili asisahaulike, na likafutwa na mwenye nguvu mwingine. Jina la marehemu baba wa huyu ndugu halikuwekwa na serikali. Hata baada ya Mobutu kuondoka, wazee wengi walirudi kwenye majina yao ya ubatizo siku ileile, lakini hakuna aliyeomba Stanleyville irudi.


BintiStanley (Dar es Salaam, kwetu Mwanga) amejibu:

Shikamooni nyote. Ninaandika kwa sababu mimi ndiye Stanley ambaye karani yule angempenda: kwangu jina hilo liko mahali pa tatu, kwenye nafasi ya ukoo.

Stanley alikuwa babu yangu, fundi seremala wa Mwanga. Baba akalitumia kama jina la mwisho, na mimi nikaandikishwa shule kwa jina langu, la baba, na la babu, kama Watanzania wengi tunavyofanya. Nilipofika chuo, majina ya wanafunzi yalipangwa kwa lile la mwisho. Mhadhiri aliita Stanley, nikasimama, naye akaendelea kumtafuta mvulana nyuma yangu. Leo watoto wa kaka zangu wanaandikwa Stanley, na mdogo wao anadhani huo ndio ukoo wetu tangu enzi. Kwa hiyo, Mwalimu, safari uliyoieleza haikuishia kwa mtoto wa kinyozi. Kule kwao lilitoka kwenye kijiji likawa ukoo, likatoka kwenye ukoo likawa jina la mtu. Lilipofika kwetu likaanza kurudi, likatoka kwa mtu mmoja, seremala, likawa ukoo upya. Ni ukoo mwingine kabisa, wenye Stanley wake wa kwanza, ambaye kaburi lake tunalipalilia kila Desemba.

Karani wako, ndugu, hakujua kwamba anazungumzia ukoo wa Waingereza wakati fomu iliyo mbele yake inauliza ukoo wako. Mtoto wako kuitwa Stanley mwanzo na mwisho si kosa. Tunao wengi wanaoitwa Juma fulani Juma, na hakuna anayewarudishia fomu.

Tena kwa wale wanaodhani jina hili ni la wanaume tu: mama mzazi wa Barack Obama, aliyezaliwa Kansas mwaka 1942, aliitwa Stanley Ann Dunham, jina la baba yake likiwa Stanley vilevile. Baadaye alijiita Ann. Ninamwelewa.

Ushauri wangu mmoja ni wa vitendo, na naomba uuchukue kwa uzito kuliko historia yote. Angalia herufi. Cheti changu cha darasa la saba kina Stanley, cha kidato cha nne kina Stanely, na kitambulisho cha taifa kilitoka na Stanly. Nimekula viapo mbele ya wakili mara mbili kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mimi.


MjukuuWaUjiji amejibu:

Ninawashukuru sana wote, wakubwa na wenzangu. Jana jioni niliwasomea nyumbani majibu haya kutoka mwanzo hadi mwisho, mjomba akiwapo na shangazi akiwapo.

Tulikifungua kile cheti cha ubatizo. Mwanaparokia, umekosea kwa herufi chache: padre aliandika Stanlei, wino wa bluu, na mkunjo umepita katikati ya herufi ya n. Hakuna Stanislaus. Shangazi aliposikia habari za Padre Rother aliniomba nimwandikie jina hilo kwenye kikaratasi, akakiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na tangu hapo hajasema tena neno bahati.

Kuhusu hoja ya mjomba na ya Mama wa Kwihara, tulikaa kimya kidogo, hasa ilipofika habari ya yule mtoto Kalulu. Ndipo mama yangu, ambaye muda wote alikuwa akichambua mchele kana kwamba hasikilizi, akauliza kama kuna mtu yeyote kati yetu aliyewahi kujiuliza marehemu alilipata wapi jina lake. Hakuna. Akasema kwamba bibi yangu alipatwa na uchungu usiku, mbali na misheni, na kwamba aliyewaazima baiskeli alikuwa fundi wa reli, mtu wa Tabora, aliyeitwa Stanley. Babu aliikokota baiskeli hiyo na bibi amekaa nyuma, fundi akitangulia na taa. Mtoto alipobatizwa, fundi huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wake, na jina likawa lake. Mama anasema yule msafiri hakutajwa hata mara moja. Mjomba aliuliza baiskeli ilirudishwa lini, akaambiwa ilirudishwa wiki iliyofuata ikiwa imepasuka tairi, akatikisa kichwa, akaomba aongezewe chai.

Mtoto ataitwa Stanley. Mama wa Kwihara, nakuahidi ataelezwa yote, pamoja na ya Bumbire na ya Ndugu M'Hali, na ya fundi pia.

Asubuhi ya leo nimerudi kwa karani. Nilimweleza habari za Juma fulani Juma, akanisikiliza, akakubali bila ubishi, akaipokea fomu na kuanza kuingiza majina. BintiStanley, niliukumbuka ushauri wako nikiwa nimeshafika kwenye kituo cha daladala. Nilirudi mbio nikaomba nioneshwe kioo cha kompyuta. Nafasi ya kwanza imeandikwa Stanley, sawasawa. Nafasi ya tatu imeandikwa Stanely. Ameniambia mtandao umekatika, nije Jumatatu.